Sura ya Sita: Tiyo Iliyong'aa Kupita Kiasi

Mardochée Kitoga alikataa kukaa kwenye kiti. Alikuwa amelala usiku mbili kwenye kasho, chumba cha wafungwa cha komisariat ya polisi ya Bagira, shati yake imejaa mikunjo na vumbi ya sementi, lakini alisimama mbele ya meza ya Eulalie Nabintu na mikono nyuma, kifua mbele, kama mutu anayengojea kuitwa jina apewe diplome.

«Kaa, mutoto yangu,» Eulalie akasema.

«Niko muzuri hivi, maman OPJ.»

Eulalie alikuwa OPJ, afisa wa polisi mwenye kazi ya kuchunguza makosa, miaka makumi mbili na mbili sasa. Hakubishana na mutu juu ya kiti. Alifungua dosie, ile faili ya kesi.

«Saa ine ya leo, masaa yako makumi ine na nane inaisha. Ikiisha, ama nakufungulia, ama nakupeleka parke, kwa mwendesha mashitaka, na hii karatasi. Na karatasi inasema nini, unajua?»

«Inasema miye njo nilichoma laboratware ya Ornella, kule kituo cha Kasha.»

«Inasema tena, siku ya posho, jumamosi, ulimuambia Ornella mbele ya batu: siku moja hii kitu yako itakuunguza. Ulisema ao hukusema?»

«Nilisema.»

«Juu ya nini?»

«Juu alisema mardi, jumanne hii, wakati bamama ba Luberizi bataingia kuangalia, yeye peke njo atasimama kwa mashine. Peke yake! Nani alikunja zile tiyo za shaba, ile mirija ya kupitisha gazi? Miye. Nani alikaza viungo mupaka hata pumzi haitoki? Miye. Yeye eko na kichwa, miye niko na mikono. Aniweke basi hata kwa pembeni!»

«Na mardi ulikuwa wapi?»

«Nyumbani. Nilikasirika, nikalala.»

«Moto unawaka laboratware, fundi wake amelala. Mmm.» Eulalie akavuta chupa ndogo kutoka mutoto wa meza, akaiweka kati yao. «Na hii? Balikuta mu sakosi yako, ule mufuko wako wa vyombo.»

«Mafuta ya pikipiki yangu.»

«Komanda Emile anasema uliipaka ndani ya tiyo.»

Mardochée alicheka, mara ya kwanza tangu mardi, na kicheko chake hakikuwa na furaha. «Maman, muulize Komanda kama kuna mupishi anatia muchanga ndani ya bugali yake mwenyewe juu amemukasirikia mwenye kuila. Mbele ya kugusa ile tiyo natosha saa, natosha pete, navaa gants mupya za mikono. Mafuta tone moja tu, ile gazi inawaka nayo. Nikunje tiyo wiki mbili, kisha niichome?»

Eulalie alimwangalia kidogo, kisha akamuonyesha njia.

«Unaweza kusema mashine iliharibika yenyewe. Naandika hivyo, unatia sinyatire, sahihi yako, unaenda kula sambaza kwenu.»

«Haikuharibika yenyewe,» Mardochée akajibu bila kungoja. «Naijua. Unipeleke parke.»

Eulalie akafunga dosie. Mutu mwenye kuficha kitu anatafuta mulango wa kutokea. Huyu alionyeshwa mulango uko wazi, akaufunga kwa mukono wake mwenyewe. Hiyo hakuiandika, lakini aliiweka mu kichwa.

Kwenye kuluwari, ile njia katikati ya vyumba, Komanda Emile, mukubwa wa komisariat, alikuwa anajifunga mukanda. «Saa ine, Eulalie. Hakuna kuongeza.»

«Sijaomba kuongezewa, Komanda.»

Ilikuwa saa mbili.

*

Milango ya chuma ya Bagira yote inalia, kwa sababu mvua inaila na kutu tangu juu mupaka chini. Ule wa kituo cha Kasha ulifunguka kimya, kama mulango wa kabati. Eulalie aliona hiyo akapita nayo.

Muzee Léopold, sentinele mwenye kulinda mulango wa kituo, alimupigia saluti iliyonyooka kama rula. Alikuwa na miaka karibu sabini, viatu vya zamani sana vilivyopakwa rangi mupaka unaona mawingu ndani yake, na filimbi shingoni inayomeka, inayong'aa kama kijiko cha arusi. Hata kufuli ya mulango ilimeka.

«Asubui muzuri, afande!»

«Asubui, papa Léopold. Shusha mukono, utachoka.»

«Mukono unajua kazi yake, afande.»

Nyuma yake, chini ya paa ndogo ya mabati, mbabula, jiko la makaa, ilikuwa na makaa mekundu, na kando yake sufuria, kikombe, na chupa mbili tatu zimepangwa kwa urefu, fupi mbele, ndefu nyuma.

«Siku ya yenga, jumapili, nani aliingia huku?» Eulalie akauliza.

«Nilijibu Komanda, afande. Siku ya yenga hakuna mutu aliingia. Siku ya posho jioni mupaka mardi asubui, hakuna mutu.»

«Una hakika?»

Muzee alivuta mabega nyuma. «Afande. Miye njo niko kwa mulango.»

*

Ornella Cibalonza, mwanakemia wa kituo, alimupokea ndani ya laboratware na mukono moja. Wa pili ulikuwa umefungwa bandeji mupaka kwenye kiwiko, unanukia pomade ya kalsiamu, dawa ya wale walioguswa na ile gazi. Alikuwa na miaka makumi mbili na tisa na bluzi nyeupe yenye mukono ulioungua. Bluzi ingine safi ilikuwa imetundikwa kwenye musumari, hakuivaa.

«Nimekuja kusikiliza tena tangu mwanzo,» Eulalie akasema. «Unielezee kama unaelezea mama yako.»

«Mama yangu anajua yote, maman. Nitakuelezea kama naelezea direkta wa kituo.»

Akamupeleka kwenye dirisha. Hapo palikuwa mabidon mawili ya litre tano, ya plastiki, yote yamesimama juani. Moja tumbo lake lilikuwa limeingia ndani kama la mutu mwenye njaa. La pili lilisimama sawasawa.

«Zote mbili nilijaza esanse, ile petroli ya moteri, siku moja, nikafunga. Leo ni siku ya makumi ine. Weka pua hapa.»

Eulalie akaweka pua kwenye lile lililobonyea, akarudi nyuma: esanse, na kifuniko kimekazwa. Akaweka pua kwenye la pili. Hakuna kitu. Akaweka tena, karibu mpaka pua ikagusa plastiki. Hakuna kitu.

«Kwa Luberizi bamama bavuna muchele,» Ornella akasema, «na esanse ya pompe ya maji banaweka mu depo moja na muchele, juu depo iko moja tu. Bidon ya plastiki inatokaka jasho. Huwezi kuona, lakini inatoka, inaingia mu muchele. Siku ya komunio yangu nyanya yangu alipika huo muchele. Batu bakaacha sahani zikijaa. Yeye akakula peke yake, mupaka kumaliza, ili asiniaibishe. Nilikuwa na miaka kumi. Nikasema: siku moja.»

«Na siku moja ilifika.»

«Ilifika.» Akapiga bidon zima kofi ndogo, kama mutu anapiga shingo ya ng'ombe wake. «Hii ilipitishwa mu fluori. Fluori ni gazi yenye njaa kupita gazi zote, maman. Plastiki imejengwa na kaboni na idrojeni. Fluori inakuja, inafukuza idrojeni, inakaa pahali pake, na ikikaa haitoki tena. Inaacha ngozi nyembamba kushinda unywele. Esanse inafika pale, inarudi. Zamani batu ba kemia balikufa juu ya hii gazi. Siye tunaichanganya na azoti, gazi ile isiyokuwa na njaa ya kitu: sehemu tisa azoti, sehemu moja fluori. Tunaifungulia polepole ndani ya sanduku la chuma, na mabidon iko mule. Mara makumi mbili na tatu nilifungua robine hii ya kufungulia gazi. Mara makumi mbili na tatu, hakuna hata cheche.»

«Kwa hiyo mashine haiwezi kuharibika yenyewe.»

«Haiwezi.»

«Ukisema hivyo, ni mutu aliichoma, na Mardochée anaenda gereza.»

Ornella akaligeuza bidon zima juani.

«Ukisema iliharibika, direkta anafunga laboratware, na bidon yako inakuwa bidon ya kuchotea maji.»

«Najua.»

«Sasa unasema nini?»

«Nasema kweli, maman. Mashine iko muzuri. Na Mardochée hawezi kuigusa vibaya. Ni mubishi, ananizidi kelele, lakini akikunja tiyo unaweza kulia.»

«Hayo mawili hayawezi kusimama pamoja.»

«Basi tafuta la tatu. Miye niko wa kemia. Weye uko wa polisi.»

Eulalie alimwangalia huyu mutoto wa watu na bandeji yake na kidevu chake juu. Akatosha kalamu. «Mardi. Hatua kwa hatua. Usiruke hata kukohoa.»

«Bamama sita balisimama nyuma ya kioo kile kinene cha plastiki. Nilifungua armware, hii kabati, nikatosha tiyo mupya.»

«Mupya juu ya nini? Ya zamani ilikuwa na shida?»

«Haikuwa na shida. Lakini wageni banakuja, maman. Huwezi kuwapokea na tiyo yenye mikwaruzo. Mardochée alikunja mbili mupya, nikazilisha siku tatu mupaka ijumaa.»

«Kuzilisha?»

«Shaba nayo fluori inaila. Kwa hiyo mbele ya kazi tunaiosha mupaka hakuna mafuta, kisha tunaipa fluori kidogo, kidogo, kidogo, siku tatu. Ndani inaota ngozi yake. Ikishaota, fluori inapita bila kuigusa. Nikafunga ncha zote mbili na vifuniko vyeupe, nikaweka mu armware. Mardi nilitosha vifuniko, nikafunga tiyo kwa robine, nikapitisha azoti, nikafungua fluori robo ya muzunguko.» Akazungusha vidole hewani, kidogo tu. «Ikafanya sss. Mwangaza mweupe kwenye kona, pale tiyo inapinda. Shaba ikatoboka kama karatasi. Nikafunga chupa kubwa, nikafukuza batu inje. Njo yote.»

«Robo ya muzunguko tu.»

«Robo.»

Eulalie alikuwa na ile tiyo iliyoungua ndani ya sashe ya plastiki, na lakiri ya polisi juu yake. Shimo lilikuwa kwenye kona, jeusi, kingo zake zimeyeyuka. Huko hakukubakia kitu cha kusoma. Akaandika mstari moja, kisha kalamu ikasimama.

«Ulisema Mardochée alikunja mbili.»

«Ndiyo.»

«Moja iliungua. Ya pili iko wapi?»

Ornella akamuonyesha armware kwa kidevu. «Mule. Komanda hakuuliza.»

Eulalie alivaa gants. Aliandika saa: tatu kasoro dakika tano. Alimuita Ornella asimame karibu awe shahidi, akafungua armware, akaikuta tiyo imelala juu ya kitambala cheupe, ncha zake zimevaa vifuniko. Akavitosha, kimoja, kingine. Ile tiyo ilikuwa imenyooka pande zote mbili za kona, na kona yenyewe ilipinda pole pole tu, jicho linaweza kuona ndani mupaka pale. Akainua upande wa kwanza kuelekea dirisha, akafunga jicho moja.

Kila siku ya kwanza ya juma, asubui, komisariat yote inakaa uwanjani kusafisha bunduki. Unapitisha kitambala, unainua mutumbo wa bunduki kwenye jua, unaangalia. Mwangaza ukizunguka pete ndani ya pete mupaka mwisho, mukubwa anapita bila kukusemesha. Eulalie alifanya hivyo miaka makumi mbili na mbili. Jicho lake halikuhitaji kufundishwa.

Mwangaza ulikuwa unazunguka pete ndani ya pete.

«Inang'aa,» akasema.

«Haiwezi.»

«Njo uangalie.»

Ornella akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Kisha akakaa juu ya meza bila kutafuta kiti. «Inapaswa kuwa na rangi ya kufifia, kama shaba ya babu. Balivua ngozi yake, maman. Siku tatu zangu. Bali… ni nani anaweza kuvua ngozi ya tiyo?»

Eulalie akatosha kalamu. Alizungusha karatasi nyeupe kwenye kalamu, akaipitisha ndani polepole. Karatasi ikatoka na unga wa kijivu: majivu, yaliyochekechwa vizuri. Akaipitisha tena mupaka kwenye kona, akazungusha. Safari hii ikatoka na uzi moja wa kijani kibichi, na kitu kidogo kama punje ya muhindi, cha rangi ya machungwa, kimeganda.

Akaweka kile kitu kwenye karatasi ingine. Kando yake akadondosha tone moja la mafuta ya pikipiki ya Mardochée, aliyokuja nayo mu sakosi. Tone la pikipiki likakimbia, likapanuka, jeusi. Kile cha machungwa kikakaa pahali pake kama mushumaa. Eulalie akakipumulia, mara mbili, tatu. Kikalainika. Akanusa.

«Ornella. Asubui, mbele ya kupika sombe, mama yako anafanya nini na chupa ya mawese?»

«Anaiweka kando ya moto. Huku kwetu na baridi hii inagandaka.»

«Mafuta ya pikipiki inaganda?»

«Aa-a.»

Wote wawili wakaangalia ile punje. Ilikuwa imeanza kuganda tena.

«Hii haikutoka mu sakosi ya Mardochée,» Eulalie akasema. «Hii ilitoka jikoni. Funguo ya armware iko na nani?»

«Miye, direkta, na papa Léopold. Lakini papa Léopold alisema hakuna mutu aliingia.»

«Alisema kweli,» Eulalie akajibu. Aliufikiria ule mulango usiolia. Akachukua ile tiyo. «Unifuate. Usiseme kitu mupaka nikuangalie.»

*

Muzee Léopold alikuwa anapiga viatu brosi. Alipomuona akasimama, na brosi ikasimama naye, imeshikwa kwenye mushono wa suruali.

Eulalie hakuuliza nani aliingia. Alisimama pale jua lilipopiga, akainua tiyo kwenye jicho, akaangalia pole pole, kama mukubwa siku ya ukaguzi.

«Papa Léopold. Ulikuwa mu jeshi miaka ngapi?»

«Makumi mbili na sita, afande.»

«Na silaha yako ilikuwa namna gani?»

«Ungenyolea ndevu ndani yake, afande.»

«Njo angalia hii.» Akamupa. Muzee aliipokea na mikono miwili, hakuhitaji kuambiwa upande wa kuangalia. «Miye nimeshika bunduki miaka makumi mbili na mbili. Nimeona mitumbo ya bunduki ya ba komanda, ya ba jenerali. Kazi kama hii sijaiona. Nani aliifanya?»

Visigino vya muzee vikapigana: ta!

«Miye, afande!»

Nyuma ya Eulalie, Ornella akapiga hatua moja mbele. Eulalie hakugeuka.

«Uliifanya namna gani?»

«Siku ya yenga, nilitoka misa ya kwanza.» Uso wa muzee ulifunguka, ilikuwa wazi hakuna mutu aliyemuuliza juu ya kazi yake tangu miaka mingi. «Nikasema mardi wageni banakuja, nyumba lazima imeke. Nikasafisha mulango, nikatia mafuta. Nikasafisha kufuli, madirisha, meza. Nikafungua armware, nikakuta tiyo mbili. Nikatosha vile vifuniko, nikachungulia. Afande! Ndani giza, giza kama silaha ya mutoro. Nikasikia haya. Wageni batachungulia, batasema kwa Kasha hakuna mutu. Nikachekecha majivu. Nikakata kitambala kwa shati yangu ya kijani ya zamani ya jeshi, ile sikumupa mutu yeyote. Nikafunga kamba, nikavuta: mara moja na majivu, mara moja kavu, mara ya mwisho na mawese kidogo, juu shaba isipate kutu. Moja, mbili, tatu! Kisha nikarudisha vifuniko vile nilikuta. Silaha unairudisha vile ulikuta.»

«Na Komanda alikuuliza kama mutu aliingia.»

«Hakuna mutu aliingia, afande. Miye siko mutu wa kuingia. Miye niko wa ndani.»

Sasa Eulalie akamuangalia Ornella.

Ornella alikuwa na haki ya kupiga kelele, na mukono wake uliofungwa bandeji ulikuwa na haki zaidi. Alikaribia, akachukua tiyo, akamueleza muzee kwa sauti ya chini, maneno machache: kwamba lile giza lilikuwa ngozi, kwamba gazi ile inaila mawese kama moto unavyokula nyasi kavu, kwamba mardi iliila pale kwenye kona, pahali mafuta yalijikusanya.

Muzee alisikiliza mupaka mwisho. Akatosha filimbi shingoni. Akatosha mukungu wa funguo mukandani. Akaviweka chini juu ya kitambala, sawasawa, kando kwa kando, kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele ya Eulalie.

«Nifunge, afande. Mufungulie mutoto wa batu.»

«La pili nakubali,» Eulalie akasema. «La kwanza halina karatasi. Sheria inatafuta mwenye kutaka mabaya. Weye ulitaka nini?»

«Nilitaka imeke.»

«Naandika hivyo.»

«Andika na yangu,» Ornella akasema. Kidevu chake kilikuwa juu, lakini macho yamelowa. «Andika kwamba niliamini vifuniko, sikuchungulia. Kama mardi ningechungulia, ningeona. Na andika kwamba tulimuambia papa Léopold asiingize mutu. Siku hata moja hakuna aliyemuambia analinda nini.»

Eulalie aliandika juu ya goti, chini ya paa ya mabati: tiyo ya pili, majivu, uzi wa kijani, mawese yaliyoganda, na kipande cha shati ya jeshi ambacho muzee mwenyewe alikileta, bado na kamba yake. Watatu wakatia sinyatire. Muzee alitia yake pole pole, na herufi zilizosimama kwenye mustari.

Kisha akapiga simu.

«Mawese?» Komanda Emile akauliza.

«Mawese, Komanda.»

«Ya kupikia?»

«Ya kupikia. Saa tatu na dakika makumi tatu na tano. Bado una wakati wa kutafuta funguo ya kasho.»

*

Mardochée alitoka saa ine kasoro dakika tano. Hakushuka kwao. Alipanda Kasha na miguu, na shati ile ile, akaingia laboratware bila kupiga odi.

«Nani alisema naweza kupaka mafuta mu tiyo yangu?»

«Siyo miye,» Ornella akajibu. «Miye nilisema ukikunja tiyo mutu anaweza kulia.»

Mardochée alikuwa amekuja na maneno mengine mengi. Aliyaacha kwenye mulango. «Kwa kweli ulisema hivyo?»

«Iko mu dosie. Soma. Na ukimaliza, tunahitaji mbili mupya.»

Wiki tatu zikapita. Bamama sita ba Luberizi wakarudi, na safari hii walikuja na beseni la muchele, wakaliweka karibu kabisa na bidon la dirishani, wanuse wenyewe. Eulalie alikuja pia, bila dosie, akasimama nao nyuma ya kioo kinene. Kwenye mashine Ornella alisimama upande wa kuume, Mardochée upande wa kushoto, bluzi zao mbili mupya, nyeupe.

Mulango ukafunguka kimya. Muzee Léopold akaingia na hatua za paredi, gants nyeupe mikononi, tiyo juu ya kitambala. Alikuwa amekaa na Ornella zile siku tatu zote za kuilisha. Alijifunza kuangalia na hakukubali mutu mwingine afanye kazi ile. Alisimama katikati ya chumba. Akatosha vifuniko. Akainua tiyo kwenye dirisha, akafunga jicho moja, akachungulia upande wa kwanza, akageuza, akachungulia upande wa pili. Bamama wakaacha kunong'ona.

Visigino vikapigana.

«Haing'ai hata kidogo, afande!» akatangaza, kifua mbele, kwa sauti ya kusikika mupaka barabarani.

Mardochée akaifunga. Ornella akapitisha azoti, akahesabu, akaweka mukono wenye kovu juu ya robine, akafungua robo ya muzunguko.

Chumba chote kikanyamaza. Na tiyo nayo ikanyamaza.